Jibu: Magogo ya mwembe na uyoga hapa Dar, kuanzia chensoo mpaka kuvuna

Mkuu, umeuliza kama magogo ya mwembe wako wa Goba yanaweza kuotesha uyoga badala ya kuishia kwenye tanuri la mkaa, na kwa nini lile la kwanza limejaa ukungu wa kijani wakati mbegu ilikuwa nzuri. Umesema magogo yalikaa juani miezi miwili, na punje za mtama zilizobeba mbegu ya uyoga ulizishindilia kwenye matundu ya drili. Mwembe unafaa sana. Tatizo ni ile miezi miwili, na pia zile punje.

Gogo la uyoga hukatwa kwenye mti ulio hai na usio na ugonjwa, gome likiwa zima. Likishakatwa liache kivulini siku 7 hadi 14, kwa sababu chembe za mti zikiwa bado hai hupigana na mbegu. Kwa joto letu la Dar usivuke wiki tatu, maana kuvu wengine huingia kwa kupitia ncha zilizokatwa. Kayatazame hayo magogo yako kwenye ncha. Ukiona vijiyoga vidogo vya kijivu-cheupe kama pepeo ndogo za kujipepea, havina shina, vina manyoya juu na chini mistari yake imepasuka katikati, ujue gogo liliungua jua na lina mpangaji tayari. Hilo peleka jikoni. Chukua matawi mabichi.

Kwenye kukata, watu wengi huwaza kasi ya chensoo tu na kusahau gome. Gome likichubuka, maji yanatoroka na kuvu wa nje wanapata mlango. Usiburuze gogo wala usilitupe kutoka kwenye Canter, libebeni wawili. Tawi lililolala huku ncha zote mbili zimeegemea kitu, anza kukata juu theluthi moja, halafu malizia kwa chini. Lililoegemea upande mmoja ni kinyume: chini theluthi kwanza, kisha juu. Ukikosea mpangilio huo gogo hubana cheni au hupasuka na kung'oa gome refu. Ile robo ya juu ya ncha ya baa (bapa la chuma ambalo cheni huizunguka) isiguse kitu kabisa, hapo ndipo msumeno hurukia usoni ghafla. Mikono yote miwili ishike, kidole gumba cha mkono wa kushoto kizunguke mpini wa mbele, na breki ya cheni ijaribiwe kabla ya kuanza. Kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio na buti si mapambo. Vaa pia glavu na mikono mirefu, utomvu wa mwembe huunguza ngozi, na wa mkorosho ni mbaya zaidi.

Cheni ikigusa mchanga mara moja tu imekwisha makali. Dalili ni rahisi: cheni kali hutoa vipande vya mbao, butu hutoa vumbi na unajikuta unasukuma. Piga tupa ya mviringo yenye kipenyo kinacholingana na cheni yako, pembe ya nyuzi 30 kwa cheni nyingi, idadi sawa ya msukumo kwa kila jino, la sivyo itakata ikipinda.

Sasa jambo ambalo naomba ulisimamie kwa nguvu zote: mafundi wengi hutia oili chafu ya injini kwenye tangi la kulainishia cheni. Oili hiyo ina mabaki ya metali na masizi, inarushwa moja kwa moja kwenye uso wa mti utakaolisha chakula. Mwambie fundi amwage, afute baa, atie mafuta ya kula. Lita moja ya alizeti inatosha kazi ndogo. Jioni baa na cheni zisafishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mafuta ya alizeti yakikaa hugeuka gundi.

Kuhusu aina ya uyoga, achana na shitake kwa hapa. Nyuzi zake (zile nyeupe ambazo kuvu hutambaa nazo ndani ya gogo) hukua vizuri kwenye nyuzijoto 24 hivi, zikizidi 30 hudorora, na kuchanua kwake kunataka ubaridi. Hiyo ni kazi ya Lushoto au Njombe. Dar panda mamama (oyster) wa joto, yule wa rangi ya waridi au wa kijivu anayestahimili joto. Uyoga wa kichuguu hauoti kwenye gogo kwa namna yoyote, unaishi kwa kutegemea mchwa wenyewe.

Kwa kuwa mbegu zinazopatikana kirahisi ni za punje, usitoboe matundu. Punje kwenye tundu ni chakula cha sisimizi na panya. Tumia njia ya kupanga vipande. Chukua sehemu nene, kipenyo sentimita 20 hadi 30, ikate vipande viwili vya urefu wa sentimita 30 na kifuniko kimoja cha sentimita 5. Weka alama ya chaki ubavuni kabla ya kukata ili nyuso zirudiane zilivyokuwa, maana uwazi ukibaki katikati punje hukauka. Osha mikono kwa sabuni, vunjavunja mbegu, tandaza tabaka la sentimita moja juu ya kipande cha chini, weka cha pili, tandaza tena, funika. Huo ndio mnara. Kwa kipenyo cha sentimita 25 kila tabaka linakula gramu 250 hadi 300, kwa hiyo kilo moja huenda isitoshe minara miwili. Funga mnara kwa nailoni nyeusi, juu pafungwe kwa kamba, na toboa matundu kadhaa madogo ubavuni. Bila hewa, mvuke hutiririka ndani na ukungu wa kijani unashangilia.

Kama utapata mbegu ya unga wa mbao, hapo drili inafaa: biti ya milimita 12, kina sentimita 3, matundu yaachane sentimita 15 kwa urefu wa gogo na mistari yaachane 6, yakipishana. Ziba kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye chombo kilicho ndani ya maji moto. Nta ya mishumaa pekee hupasuka.

Weka chini ya mwembe mwingine au banda la makuti, juu ya tofali, kamwe si ardhini: mchwa wa Dar hawana subira. Zungushia majivu chini na uyabadilishe yakilowa. Usipulize dawa ya wadudu. Konokono wakubwa waokotwe usiku.

Unyevu ndio uhai wa kazi hii, na usiubahatishe. Pima gogo moja la mfano kwa mizani ya kuning'iniza siku ya kupanda. Gogo bichi la kilo 10 lina maji kama kilo 4.5. Likishuka mpaka kilo 8.5 limebaki na unyevu wa asilimia 35, hapo nyuzi zinaanza kuumia. Loweka au mwagilia polepole. Onja maji kwanza. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi inaua nyuzi. Mvua iliyokingwa ni bora kuliko yote.

Panda kuanzia mwishoni mwa masika, Mei hadi Julai, nyuzi zitambae wakati wa kipupwe na uvune vuli. Minara huchukua miezi 4 hadi 6, minene zaidi hata mwaka. Utajua uko tayari ncha zikiwa na mabaka meupe, gome likibonyea kidogo na harufu ikiwa ya uyoga mbichi. Fungua nailoni, na magogo ya matundu yaloweke saa 12 hadi 18 kwenye pipa. Zaidi ya saa 24 unazizamisha nyuzi.

Ukungu wa kijani ukiwa juu ya gome tu, sugua kwa brashi kavu, sogeza penye hewa. Ukiwa umejaza tabaka la mbegu, mnara huo utoe mbali na mingine. Na uyoga wowote usioufahamu ukitokea kwenye gogo, usiupike.

Vuna alfajiri kingo zikiwa bado zimejikunja kwenda chini. Ukichelewa mpaka mchana zinanyooka na kutoa vumbi linalosumbua kifua. Beba kwenye kikapu, si nailoni. Wa waridi upikwe au ukaushwe siku hiyo hiyo. Baada ya hapo gogo lipumzike wiki 6 hadi 8 kabla ya kuliloweka tena.

Kama mwembe uko nje ya kiwanja chako, au unasafirisha magogo kwa gari, pita kwanza serikali ya mtaa na ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya ujue kibali kinachotakiwa. Mikoko na miti ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi usiiguse.