Kadi ya benki ya marehemu

SWALI: Mume wangu alifariki hospitalini wiki iliyopita, tukamzika Kinondoni, na sasa nimo kwenye eda. Shemeji zangu wanataka kadi yake ya benki na namba ya siri ili tulipe deni la turubai, viti na chakula cha msibani. Isitoshe, kibali cha mazishi kimeandikwa jina alilozoeleka nalo mtaani, si lile lililomo kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Nianzie wapi?
Mjane, Mbagala

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada yangu. Anza na jina, kwa sababu benki, mfuko wa hifadhi ya jamii na mahakama zote zitalinganisha cheti cha kifo na nyaraka za marehemu, na herufi moja ikitofautiana utarudishwa nyumbani. Mtu aliyempeleka mgonjwa hospitalini kwa haraka usiku hutaja jina linalomjia mdomoni, nalo ndilo linaloingia kwenye faili na kufuata hadi kwenye kibali. Kabla cheti hakijatolewa, kibali hicho kirudishwe hospitalini pamoja na kitambulisho cha NIDA ili kumbukumbu zirekebishwe, kwani cheti kikishatoka na kosa mtalazimika kuapa kiapo na kuanza safari nyingine. Kifo kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30, hivyo muda mnao, ila si wa kuchezea.

Kadi usiitoe, hata kama nia ya shemeji zako ni njema. Fedha zilizomo kwenye akaunti, pamoja na zile za kwenye simu yake, sasa ni mali ya mirathi, na atakayezitoa kwa namba ya siri ya marehemu atakuja kuulizwa na warithi wenzake. Waeleze kwa heshima kwamba gharama za maziko hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya warithi kugawana, kwa hiyo watunze kila risiti, ikiwemo ya turubai, wamkabidhi msimamizi wa mirathi.

Msimamizi hupendekezwa na kikao cha familia, ambacho muhtasari wake husainiwa na waliohudhuria na kupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa Dar es Salaam, mahakama inayoshughulikia mirathi ni Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke. Wengi hudhani kuteuliwa ni kurithishwa, kumbe akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Wewe mwenyewe unaweza kupendekezwa, usikae kimya kikaoni.

Kama alikuwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, mwajiri wake aarifiwe mapema, kwa kuwa kuna msaada wa mazishi na mafao ya warithi.

Kuhusu kutoka nje ukiwa kwenye eda, muulize sheikh wako. Kazi ya hospitali na RITA inaweza kufanywa na mwanao mtu mzima au kaka yako, mradi umpe nakala, na nyaraka halisi azirudishe mkononi mwako siku hiyo hiyo.