Hawakupungua, swali ndilo lilibadilika

Je, watu wenye ulemavu Kenya walipungua, kutoka asilimia 3.5 ya sensa ya 2009 hadi 2.2 ya 2019? Hapana. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Mwaka 2009 watu waliulizwa moja kwa moja kuhusu ulemavu. 2019 yakaja maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu (kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana) kwa wenye miaka 5 na zaidi, na anayeingia kwenye hesabu ni aliyejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" angalau mara moja. Wa "ugumu kiasi" anabaki nje. Ile 16% ya watu wenye ulemavu inayotajwa na WHO (Shirika la Afya Duniani) ni makadirio ya dunia yaliyopatikana kwa njia nyingine, usiiweke kando ya 2.2.

Nimewahi kuwa mdadisi wa utafiti wa kaya. Ukiuliza "kuna mlemavu hapa?" unaambiwa hakuna, na bibi anapapasa ukuta akienda jikoni ("huo uzee tu!"). Muulize mwenyewe kama anapata shida kuona hata akivaa miwani, atakusimulia mpaka chai ipoe. Tatizo ni kwamba mara nyingi mkuu wa kaya ndiye anayejibia wote, kwa hiyo hata maswali mazuri yanakosa watu.

Na maswali hayo sita hayashiki vizuri sonona na wasiwasi. Watoto wana dodoso lao, ambalo Washington Group ililitunga pamoja na UNICEF.