Maswali yenu: Barafu ya mlangoni inayorudi kila siku

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nina duka la vyakula vya nyumbani hapa Minneapolis, unga, dagaa, mawese, pondu ya friza, nimepanga kwenye plaza ndogo yenye maduka matano na pakingi moja. Kila msimu wa baridi kuna barafu inatokea palepale, hatua mbili kutoka mlangoni kwangu. Asubuhi namwaga chumvi karibu mfuko mzima, mchana inayeyuka, kesho yake ipo tena kama hakuna kilichofanyika. Mwezi uliopita mama mmoja kateleza kaanguka na kiroba chake cha unga, bahati hakuvunjika. Mama mkwe alivyokuja kutembea akatushangaa, akabeba sufuria ya maji moto akamwaga mlangoni. Lendilodi nikimpigia ananiambia kasome mkataba. Nifanyeje? (Mama Duka)

JIBU: Dada pole, na mama mkwe msimcheke sana manake mi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilimwaga maji moto kwenye ngazi usiku, asubuhi nikakuta nimetengeneza kioo. Baadaye nimefanya kazi ya kusukuma theluji usiku misimu kadhaa kwenye mapakingi ya maduka, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba barafu inayorudi palepale ina mahali maji yake yanatoka, na usipopajua hapo utakuwa unanunua chumvi mpaka mwezi wa nne.

Kwa hiyo kabla hujaongeza mfuko mwingine, subiri siku yenye jua, toka nje kama saa nane mchana, theluji ikiwa inayeyuka, simama mlangoni utazame juu kwanza, siyo chini. Gata, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa, inavuja? Lile bomba la kushusha maji ya paa linamwaga wapi, isije ikawa kwenye njia ya wateja? Kama juu kuko safi, tafuta rundo la theluji, yaani pale jamaa wa plau, lile gari la kusukuma theluji, anapoisukumia. Mara nyingi analirundika upande wa juu wa pakingi kwa sababu kuna nafasi na anataka amalize aende plaza nyingine, sasa mchana rundo linayeyuka, maji yanateremka taratibu yanapita mbele ya mlango wako, jua likizama yanaganda. Dawa yake ni rundo lihamie upande wa chini karibu na mtaro, na bomba ligeuziwe kwingine. Hiyo ni kazi ya siku moja na wala haiuzwi kwenye mfuko.

Tuje kwenye chumvi. Chumvi haina joto, inachofanya ni kuchanganyika na maji ili yasigande kirahisi, na chumvi ya kawaida ikifika nyuzi 15 za Fahrenheit kushuka chini (kama -9 Selsiasi) inakuwa imelala, na hapo naongelea baridi ya lami yenyewe, siyo ile ya hewa unayoiona kwenye simu. Januari ya Minneapolis hiyo unaijua. Siku hizo hata ukimwaga gunia unapamba tu. Tafuta kalsiamu kloraidi, ni ghali zaidi ila inafanya kazi hata chini ya sifuri ya Fahrenheit, au mwaga mchanga, ambao hauyeyushi chochote lakini viatu vinapata pa kushika. Kuna vile vitermometa vya kuelekeza chini unabonyeza unasoma, nunua kimoja.

Na mfuko mzima kwa mlango mmoja, dada, hapana! Kwanza kwangua theluji yote na beleshi, manake chumvi ukiimwaga juu ya theluji inaishia hukohuko juu. Halafu kikombe kimoja kile kikubwa cha kahawa, aunsi 12, kinatosha vipande 10 vya zege vya njia ya miguu, ndivyo wanavyofundisha watu wa kudhibiti uchafuzi wa mazingira wa jimbo la Minnesota, punje ziachane kama inchi 3. Ukiona chumvi kavu imebaki chini baada ya lami kukauka, fagia uihifadhi, itumie tena. Haohao wanasema kijiko kimoja cha chai kinaharibu galoni 5 za maji, na ikishaingia kwenye ziwa hakuna namna rahisi ya kuitoa.

Mkataba kausome kweli, lendilodi kwa hilo hajakosea. Angalia sehemu ya maeneo ya pamoja. Plaza nyingi pakingi ni ya lendilodi, anawakata nyie wapangaji mnachangia, lakini mlangoni panaweza kuwa pako, inategemea kilichoandikwa. Halafu mwombe aangalie mkataba wake na watu wa plau, manake wengi wanakuja tu theluji ikifika kina fulani, mara nyingi inchi 2, na barafu yako haitokani na theluji mpya, inatokana na maji, kwa hiyo hakuna anayeitwa hata siku moja. Ndo pengo lilipo hapo. Mwandikie, usimpigie, weka picha ya bomba na ya rundo zenye tarehe. Na anza daftari: saa ngapi umekagua, baridi ilikuwa ngapi, umemwaga nini. Mtu akija na loya wake mwakani, hilo daftari ndo litakusemea kwa watu wa bima.

Njia ya miguu ya barabarani hiyo ni habari nyingine, jiji la Minneapolis linawapa wenye majengo ya biashara masaa 4 ya mchana tangu theluji iache kuanguka, na mchana wao unaanza saa mbili asubuhi.

SWALI: Nina saluni ya kusuka Chicago. Rafiki kaniambia nisiguse theluji ya mbele ya saluni, eti ukisafisha halafu mtu akaanguka unashtakiwa, ukiiacha hawakupati. Ni kweli? (Msusi)

JIBU: Robo kweli, na hiyo robo ndo inawaponza watu. Mimi si loya, ila Illinois mahakama kwa kawaida hazimbani mwenye eneo kwa barafu iliyotokea yenyewe kutoka mbinguni. Ila ikitokana na gata yako mbovu au rundo ulilorundika vibaya, hiyo siyo ya mbinguni tena, ni yako (Mama Duka hapo juu naye asome hili). Na jiji lenyewe linakulazimisha usafishe: theluji ikianguka kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, iwe imetoka kabla ya saa 4 usiku huohuo, ikianguka usiku, iwe imetoka kabla ya saa 4 asubuhi, njia yenye upana wa futi 5, Jumapili ikiwemo. Ile sheria ya kuwalinda wanaosafisha ambayo rafiki yako labda aliisikia nusu, ni ya njia za nyumba za kuishi, saluni haimo.

SWALI: Tumemwaga zege jipya mbele ya godauni mwezi wa kumi, sasa linabanduka juu kama ngozi. Chumvi ndo inalila? (Fundi, Columbus)

JIBU: Chumvi inachangia, ila anayebandua ni maji yanayoingia kwenye vitundu vya zege, yanaganda yanatanuka, yanayeyuka, yanaganda tena, na chumvi inaongeza hiyo mizunguko. Zege ambalo halijamaliza mwaka usilitie chumvi ya aina yoyote, baridi hii lipe mchanga na beleshi tu, plau likiwezekana lisipite na chuma kitupu. Palipobanduka hapatarudi, pazibeni kiangazi.