Vumbi la Ilazo, chumvi ya Pangani

Upepo wa Oktoba umeshafika Dodoma na barua zenu zimekuja nao. Nyingi ni za vumbi. Naanza na hii ya mtumishi wa Ilazo, ingawa nyumba yenyewe iko mbali na hapa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Ilazo tangu wizara yetu ilipohamia Dodoma. Marehemu mama aliniachia nyumba ndogo Pangani, ng'ambo ya mto upande wa Bweni, hatua chache kutoka ufukweni. Julai mpaka Septemba napangisha wageni, wakiondoka naifunga. Mwaka jana nilikwenda mwenyewe mwisho wa Septemba. Nilifagia, nikafuta vioo kwa gazeti kavu, nikafunga kila dirisha na kuziba nafasi kwa gundi ya karatasi kama tunavyofanya hapa upepo ukianza. Niliporudi Januari nilikuta kuvu jeusi nyuma ya kabati, bawaba zimeganda, vioo vina mikwaruzo na weupe usiotoka. Magodoro yananuka. Nimemfokea kijana anayenilindia nyumba kwa sababu nilimwachia funguo afungue mara moja moja. Wageni wa mwaka huu wameshaondoka na wiki ijayo nasafiri kwenda kusafisha. Nianzie wapi? *Mtumishi, Ilazo.*

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia kwa yule kijana, umwombe radhi. Ulimwachia funguo za nyumba uliyoiziba kwa gundi, sasa angefungua nini?

Mimi nimetandika vitanda vya wageni Pangani na Bagamoyo miaka 16 kabla ndoa haijanileta huku bara. Nilipofika Dodoma nilifanya kosa lako, ila langu lilikuwa kinyume. Siku ya kwanza ya upepo nilichota ndoo 2 nikamwagia madirisha kama nilivyozoea pwani. Vumbi lote lililokuwa kwenye nyavu likageuka matope, matope yakakauka, na hadi leo kuna wavu mmoja jikoni kwangu una rangi ya nyumba ya tembe. Wagogo waliezekea nyumba kwa udongo huu, wanajua unavyoshika ukishalowa. Mimi nilikuwa sijui.

Vumbi la hapa linaondolewa kwanza likiwa kavu, maji yanafuata mwishoni, tena kidogo. Chumvi ya pwani inataka maji kwanza, tena mengi, ndipo uguse na tambara. Wewe ulikwenda Bweni na mkono wa Ilazo.

Tuanze na vioo. Kuanzia Mei mpaka Septemba kusi inavuma kutoka baharini, na nyumba inayotazama maji inapokea rasharasha ya chumvi pamoja na mchanga mwembamba kama unga. Ukipitisha gazeti kavu juu ya mchanga ule umesugua kioo kwa msasa, na mikwaruzo hiyo haitoki tena. Weupe huenda ukatoka. Mwagia kioo maji kuanzia juu hadi yanayotiririka chini yawe safi, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba. Pakibaki pamefifia, basi kioo kimeshaliwa. Wageni wanakuja kuangalia bahari, watafungua dirisha.

Lakini yaonje kwanza maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na ufuko vina chumvi, na ukisuuza chumvi kwa maji ya chumvi umejichosha bure. Kama ulimi unakukataza, fanya kazi ya kwanza kwa maji ya kisima, lakini ya mwisho iwe ya maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye tangi au mvua uliyokinga. Usiishie kwenye vioo. Mwagia grili, milango, kuta za upande wa bahari, hata taa za nje. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma chenye chumvi kinakuwa kama kimelowa mchana na usiku, na kutu haipumziki. Ndiyo maana bawaba za Pangani zinakufa wakati za Ilazo zinadumu.

Bawaba zilizoganda usizipige nyundo. Zisuuze, ziache zikauke juani, tia mafuta ya mashine, subiri hadi kesho yake, kisha sukuma mlango taratibu mbele na nyuma. Zikilegea paka grisi. Grili yenye kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, ioshwe, ikauke kabisa, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu. Anayekuambia upake rangi juu ya kutu kwa sababu haitaonekana, ni kweli, haitaonekana mpaka Krismasi.

Kuvu. Hapa ndipo gundi yako ilipokuponza. Dodoma tunaziba nyumba kwa sababu hewa ni kavu na adui anaingia kutoka nje. Pwani adui unamfungia ndani. Ulifunga unyevu wa kudeki, pumzi za wageni na taulo zao, halafu vuli ikaja juu yake, maana Pangani mvua ya vuli inaanza Oktoba wakati sisi huku bado tunakula vumbi. Kabati lako bila shaka limegusana na ukuta. Lisogeze mbele kiasi cha kiganja na liache hivyo maisha yake yote.

Ukutani changanya robo lita ya jiki kwenye lita 5 za maji, paka, acha dakika 10 hadi 15, sugua, suuza, fungua madirisha yote ukiwa unafanya. Vaa glavu. Na hili nalisema kila mwaka: siku ya jiki isiwe siku ya siki. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Mwenzangu mmoja kazini alivimimina vyote kwenye ndoo moja ya choo akidhani nguvu zitaongezeka, tukamtoa akikohoa machozi. Osha vioo kwa siki Jumamosi, pambana na kuvu Jumapili. Pia jiki isiguse bawaba zako, inakula chuma. Mbao za kabati zifute kwa maji ya sabuni, zianikwe.

Magodoro yatoe nje asubuhi, yapige kwa fimbo mchanga utoke, yageuze adhuhuri, na yaingie ndani kabla ya saa 10. Ukiyaacha hadi magharibi upepo wa bahari unarudisha unyevu wote. Shuka zinazoonekana safi lakini zinanata usiku ni shuka zilizoanikwa jioni.

Wakati wa kuondoka, friji izimwe, ifutwe, mlango wake uwekewe tambara lililokunjwa usijifunge. Milango ya makabati iwe wazi. Madirisha ya juu yenye nyavu yaache wazi upande usiopigwa na mvua. Na yule kijana mlipe afungue nyumba asubuhi mara 2 kwa wiki, afunge saa 9. Mlipe, mwanangu, usimwambie tu.

SWALI: Habari za kazi Shangazi. Niko Nkuhungu, barabara yetu haina lami. Kila mwaka nafanya usafi mkubwa Novemba ili Krismasi inikute tayari, lakini baada ya wiki moja ni kama sijafanya kitu. Mwanangu wa miaka 5 ana pumu na vumbi linamsumbua. Je, nisubiri mvua? *Mama wa watoto 3, Nkuhungu.*

JIBU: Nzuri, mama. Gawa kazi mara 2. Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja, inaanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba. Kabla haijaja shughulika na vitu vya maji tu: paa, gata na simtanki. Vumbi la miezi 6 limelala juu ya bati pamoja na majani na kinyesi cha ndege, na mvua ya kwanza italisukuma lote tangini. Fagia gata, toa tope la chini ya tangi, lisugue, na mvua ya kwanza ichomoe bomba imwagike chini. Inauma kuona maji yakipotea Dodoma, najua. Yaelekeze kwenye mti wako.

Mapazia, makochi na kuta subiri mvua 2 au 3 zilaze vumbi la barabarani. Kufua mapazia Novemba ukiwa Nkuhungu ni kumfulia barabara. Hadi wakati huo fanya kidogo kidogo, hasa chumba cha mtoto. Toa zulia. Punguza midoli ya manyoya. Usifagie akiwa ndani, na usifagie kwa ufagio mkavu. Sakafu ifutwe kwa dekio lililokamuliwa sana, asubuhi kabla upepo haujaamka. Huku upepo unashika kasi jua likipanda, kwa hiyo madirisha yafunguliwe alfajiri na kufungwa saa 4.

Nyavu za madirisha zichomoe ukazipigie nje ya ukuta, zikiwa kavu, kwa brashi laini. Zikishaacha kutoa moshi ndipo uzioshe kwa sabuni. Reli za madirisha ya aluminiamu ziingie brashi ya meno ya zamani kwanza, tambara baadaye. Feni ya dari, vua foronya kuukuu, ivishe kwenye panga moja, bana kwa mikono na uvute. Vumbi linabaki ndani ya foronya. Nilikuwa nafuta feni kwa ufagio wa buibui miaka mingi na kuosha kitanda kizima baada yake, mpaka binti mmoja aliyekuja kufanya kazi kwetu akanionyesha hii. Alikuwa na miaka 19 na alinionea huruma.

Chandarua chenye dawa kioshwe kwa sabuni ya kawaida na kianikwe kivulini, jua linaua dawa. Dawa ya pumu ya mtoto iwe karibu siku zote, na ukiona anaitumia mara nyingi kuliko zamani mpeleke kwa daktari. Hilo mimi na dekio langu hatuliwezi.

SWALI: Shangazi, birika langu la umeme lina magamba meupe ndani, na bomba la kuogea linatoa maji kwenye matundu 3 tu. Nimesugua kwa steelwire mpaka vidole vimechubuka. *Mwanafunzi, Iyumbu.*

JIBU: Pole. Hayo ni madini ya maji yetu, kalisi na magnesi kutoka ardhini. Maji ya visima vya Mzakwe ni magumu, hata sabuni inasita kutoa povu. Usisugue. Kamua ndimu 4 kwenye birika lenye maji nusu, chemsha, zima, acha saa moja, mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Bomba la kuogea lifunge mfuko wa plastiki wenye siki usiku kucha, asubuhi zibua matundu kwa sindano. Siki na jiki umeshasoma juu.

Na huo waya utupe. Umekwaruza birika, na magamba yanashika haraka zaidi kwenye mikwaruzo.