Jibu: Binti yangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) asome famasi wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni busara kumchagulia binti yako chuo cha kusomea famasi kwa kufuata nafasi yake katika orodha za ubora wa vyuo. Binafsi nisingeanzia huko. Orodha ya Webometrics hutazama zaidi uwepo wa chuo kwenye intaneti na jinsi machapisho yake yanavyonukuliwa, na ile ya QS huupa uzito mkubwa utafiti pamoja na sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma. Hakuna kati ya orodha hizo inayokwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atashika vifaa vya maabara mara ngapi kwa wiki.

Anza na mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), unaoonyesha sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi za kila programu, kisha uhakikishe kuwa shahada hiyo inatambuliwa na Baraza la Famasi, linalosajili wafamasia, kwa sababu bila usajili huo binti hataweza kufanya kazi hiyo, hata chuo kiwe na jina kubwa namna gani.

Halafu mwende wenyewe mkaone. Nilipompeleka mwanangu kwenye chuo kimoja kilichosifiwa sana, tulikuta wanafunzi sita wakisubiri hadubini moja, nayo lenzi yake ina ufa. Waulizeni wa mwaka wa tatu, si ofisi ya udahili, wanafanyia wapi mafunzo kwa vitendo na nani huwasimamia. Mkopo, ada na malazi navyo vipigiwe hesabu mapema, binti akiwepo.