Ruta ya zamani kuwa seva ya tovuti
Je, ruta ya zamani inaweza kuwa seva, yaani kifaa kinachohifadhi tovuti na kuwatumia wanaoifungua? Ndio inawezekana, ruta iliyostaafu inabeba tovuti binafsi vizuri tu ilimradi ni kurasa za HTML na picha chache. Ukishaiwekea OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta badala ya ule wa kiwandani) inakuwa Linux kamili na mara nyingi inakuja na uhttpd, programu ndogo ya seva ya tovuti, ndo hiyohiyo inayokufungulia ukurasa wa setingi, kwa hiyo huhitaji programu nyingine ya seva, unatengeneza folda yako unaipa porti yake (namba ya mlango wa kuingilia) basi. Mimi nimeweka kwenye TP-Link TL-WR1043ND v2, ina RAM MB 64 na flashi MB 8 tu ila ina USB, mafaili yote ya tovuti yanakaa kwenye flashi ya USB ya nje na inakula umeme kidogo mno, inafaa sana kuiacha imewaka usiku kucha. WordPress sahau, PHP na databesi inazozitegemea vinamaliza RAM mapema.

Angalia modeli yako kwanza maana zile za flashi MB 4 na RAM MB 32 OpenWrt waliziacha baada ya toleo la 19.07, hazipati tena viraka vya usalama, hizo zitumie kwenye mtandao wa ndani ya nyumba tu. Na kama intaneti yako ni ya laini ya simu kuna uwezekano mkubwa uko nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya intaneti (IP), huna IP yako mwenyewe, hapo kufungua porti hakusaidii kitu, omba IP ya umma kwa mtoa huduma au pitisha WireGuard (njia ya siri ya VPN) kwenda kwenye VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni, ya bei rahisi. Ukurasa wa setingi usiuache wazi upande wa WAN (upande wa intaneti) kabisa.