Swali la Lugha: Miiko, Maadili au Falsafa ya Maadili?

Swali: Ninafundisha menejimenti chuoni. Tunaanzisha somo ambalo wanafunzi wa biashara watajadili mema na mabaya kwa kina cha kifalsafa, badala ya kukariri kanuni za kampuni. Mwenzangu mmoja anataka liitwe "Miiko ya Biashara", mwingine "Maadili ya Biashara". Lipi ni sahihi?

Jibu: Yote mawili ni Kiswahili fasaha, ila hakuna linalotaja kazi mnayokusudia.

Mwiko ni katazo. Aliyewekewa mwiko huambiwa asichopaswa kukifanya, na si lazima aelezwe sababu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipomzuia kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba za kupangisha, masharti hayo yaliitwa miiko ya uongozi, na jina liliyafaa, kwa kuwa yalikuwa orodha ya kufuatwa.

Maadili yametokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia adili na uadilifu, wenye maana ya haki, na kwa sababu hiyo neno lenyewe limekwisha kuegemea upande wa wema. Tukisema "kijana yule ana maadili", tumemsifu bila kuhitaji kuongeza "mema". Mwanafunzi akiona "Maadili ya Biashara" kwenye ratiba, atatarajia kuonywa, wala hatatarajia kufikirishwa.

Chukueni lumbesa, yaani gunia la viazi lililojazwa hadi mdomoni, likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Kwamba Wakala wa Vipimo wa Tanzania hupiga vita ujazo huo ni jambo la sheria. Dalali akikataa kuununua hata pale asipoonekana na mtu, huo ni uadilifu. Lakini mwanafunzi akisimama na kuuliza, "Kosa liko wapi, ilhali mkulima mwenyewe alikubali?", hapo ndipo falsafa ya maadili inapoanza. Alikubali kwa kuwa viazi vingemwozea. Je, ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa? Kwa wanafalsafa, anayemfuata Kant atasema mkulima amegeuzwa chombo tu cha faida ya mwingine, anayemfuata Mill atataka kwanza kupima hasara yake dhidi ya nafuu ya walaji wa mjini, na Aristotle angeuliza dalali huyo anajijengea tabia gani kila msimu. Swali la mwanafunzi huyo linastahili saa nzima ya darasa, na mtaala usioliachia nafasi unamnyima elimu anayoihitaji.

Kwa hiyo napendekeza "Falsafa ya Maadili katika Biashara". Nimechagua "katika" badala ya "ya" makusudi, kwa kuwa "maadili ya biashara" yanaweza kueleweka kama maadili ambayo biashara imejitungia yenyewe, mbali na yale tunayodaiana nyumbani na mtaani. Epukeni pia "falsafa ya kimaadili", maana kiambishi ki- kinaifanya falsafa yenyewe isifiwe kuwa njema, wakati ninyi mnataka falsafa inayoyachunguza maadili. Na katika maelezo ya somo andikeni "maadili haya" na "maadili yanayojadiliwa". "Maadili hizi", ninayoiona mara kwa mara hata katika tasnifu, ni kosa la upatanisho wa ngeli.